Kukunja au Kusali

Tantine Feza, shangazi yetu sote na mwalimu wangu,

Udongo wa kaburi lako umeanza kutulia, lakini kichwa changu bado. Ndiyo maana ninakuandikia, ingawa najua hutajibu.

Kazi uliyoniachia imeota matawi. Asubuhi ninafundisha dansi ya baleti katika shule moja ya Mbarara, Ijumaa jioni ninafundisha watoto wa askari katika kambi ya jeshi, na arusi zikija ninacheza mwenyewe. Jumamosi ninarudi Rubondo, kwetu wakimbizi, kushika darasa lako kanisani. Ungeniona ungesema, "Huyu mutoto atakufa na mbio."

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alikuja pale shuleni mama mmoja mgeni, mcheza baleti wa miaka mingi. Nikapanga watoto, nikapaza sauti kama wewe: "Priez!" Watoto wakaunganisha viganja, wakafumba macho, wakakunja magoti polepole. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza: neno ni "plié", Kifaransa cha kukunja. Hakuna anayesali.

Tantine, ulitufundisha nini? Sisi tulisikia "priez", salini, neno la kanisani, tukasali. Na ulimi wako, nisamehe, haukuwahi kupatana na L. Ulikuja kwetu ukaomba "karamu", mama akaanza kukimbiza kuku, kumbe ulitaka kalamu. Hilo ninalielewa. Nisiloelewa ni kwamba ulituona tumefumba macho miaka yote hiyo na hukusema kitu. Ulipita nyuma yetu ukigonga migongo tu: "Nyoosha! Hatuko mu shamba!" Je, masista waliokufundisha Bukavu nao walisali? Au ulinyamaza kwa sababu pasta alituruhusu kutumia kanisa akisema, "Dada Feza anafundisha batoto kusali na mwili"? Nikidhani ulikuwa mjanja, ninacheka. Kisha ninakasirika. Kisha sijui.

Habari ilinitangulia Rubondo. Pasta anataka nisimame Jumapili mbele ya wazee wa kanisa nijibu: ni maombi au ni dansi? Ikiwa ni dansi, watoto watoke, na hatuna mahali pengine penye sakafu. Hata kule kambini mke wa sajenti aliniuliza, "Mwalimu, hii kitu ni dansi ama ni maombi? Sisi hapana elewa." Nikamwambia hata mimi sielewi.

Nikisema ni maombi, darasa litapona. Lakini sasa neno ninalijua. Na linalonichanganya zaidi ni hili: tangu tukuzike sijaweza kusali. Ninapiga magoti kando ya kitanda, ninabaki nikitazama chandarua. Ni mbele ya watoto tu, magoti yakianza kukunjika, ndipo jina lako linatoka, na la Mungu nyuma yake, na machozi. Hiyo nayo niiite nini?

Basi lala, Tantine wangu. Ninakuahidi sitasema uongo juu yako ndani ya nyumba ya Mungu. Nitawaambia ni dansi, na neno ni kukunja. Wakiniuliza kwa nini basi tunafumba macho, nitawaomba wazee wasimame, wanyooshe migongo, wakunje magoti kwanza wao wenyewe, ndipo waniulize tena.

Mwanafunzi wako,
Bahati