Mvinyo wa Zabibu Zilizoanikwa Juani

Baba,

Nimempeleka Mama Uhispania. Najua ungeshika kichwa. Alikubali vipi, yeye ambaye hata kuvuka barabara hapa Southall alikuwa hataki tena?

Tangu tukuzike, aligeuza kiti chake kuelekea hita akakaa hapo. Hakusema ila ndiyo na hapana, tena kwa Kiingereza. Mtu wake wa kuzungumza naye Kiswahili ulikuwa wewe tu. Sisi watoto tuliwajibu kwa Kiingereza tangu shule, nanyi mlishazoea.

Nikaikumbuka ile chupa. Baridi yetu ya kwanza baada ya kutoka Unguja, ulipopata kazi kwenye duka la mvinyo na mwenye duka akakupa chupa ya Krismasi. Mvinyo mweusi, mzito kama asali. Mama, asiyekunywa ila tone la kanisani, alichovya kidole akalamba. "We! Hii si halua hii?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukamweleza kwamba huko kusini mwa Uhispania zabibu huanikwa juani hadi zinyauke, ndipo zikamuliwe. "Nitakupeleka ukaone." Halafu ukafungua duka lako mwenyewe, na duka halikukupa nafasi.

Nilipomwambia twende, alisema, "Nikafanye nini? Mwenyewe hayupo." Lakini sanduku alifunga.

Baba, lile joto! Zabibu zimetandazwa kwenye mikeka, kilima kizima. Mama akavua koti, akavua na sweta ambayo hata Julai, kiangazi cha huku kwetu, haivui. Akachuchumaa kando ya mwanamke aliyekuwa akizigeuza, akageuza naye, kama alivyogeuza karafuu kwao utotoni. "Taratibu, mwanangu, usiziponde," akamwambia kwa Kiswahili. Yule akajibu kwa Kihispania. Waliongea hivyo asubuhi nzima, kila mtu na lugha yake, wanachekeana.

Ghalani mzee mmoja alituonyesha mapipa. Kila mwaka huteka kidogo, wakaongeza mvinyo mchanga juu ya ule wa zamani, pipa halimalizwi. Mama akaninong'oneza, "Hebu muulize, wa mwaka ule tuliohama umo?" Nikauliza kwa mikono na maneno machache. Mzee akaitikia kwa kichwa, akamjazia bilauri. Mama akainywa yote.

Kisha akalia. Makaburini hakutoa chozi, Baba. Pale alilia kwa sauti, akikuita kwa jina lako, nami nikamshika tu.

Sasa tumerudi, na anakuja nami dukani kwako kila siku. Ananihadithia mlivyokutana Vuga, kule Unguja, na jinsi babu alivyokufukuza mlangoni ukarudi kupitia dirishani. Hukuniambia hayo! Maneno mengine siyajui, namsimamisha anieleze.

Pumzika, Baba yangu. Usiwe na wasiwasi naye. Nakuahidi hatakosa wa kuzungumza naye: nitamjibu kwa Kiswahili hikihiki changu cha kubabaika, na nikikosea atanicheka. Acha anicheke.

Mwanao,
Filomena