Kulungu wa Kenga na Bunduki Yangu

Mishomoroni, Kisauni,
Mombasa.
Tarehe 14 Septemba, 1948.

Mpendwa mwanangu Tsuma,

Kabla ya lolote nakuuliza hali. Je, ile homa iliyokulaza mwezi wa Julai imekutoka kabisa? Unalala ndani ya chandarua? Huko Kisumu mbu ni wengi kuliko huku kwetu, nami nilikuambia hivyo siku ile ulipopanda garimoshi. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mguu wa mama yako Nyevu umepoa, na sasa huenda kanisani bila ya kumwegemea mtu. Mama yako mkubwa Kafedha anasema kitambaa ulichomletea kimefika salama, naye amekwisha kukikata. Muhogo umesimama vizuri. Kunde hazikubahatika, na sababu yake utaisoma hapa chini.

Barua zako mbili nimezipata. Ile ya pili, uliyoiandika kwa haraka, ina makosa ambayo mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe darasani hapaswi kuyafanya, lakini leo sitayataja. Nitajibu maana yake. Umenitaka niende kwenye ofisi ya wanyama, niseme kwamba yule kulungu alikuwa wangu tangu mwanzo na kwamba jirani yetu Kenga aliniibia. Umesema Kenga atafungwa miezi mitatu tu, naye amezoea shida, na bunduki itarudi nyumbani kwetu. Jibu langu ni hapana. Sikusema hivyo, na hata lau ungeniandikia barua kumi nisingesema. Keti sasa nikueleze yote kwa utaratibu, maana naona habari zilizokufikia huko zilikuwa nusu.

Unajua kwamba ombi langu la leseni lilichukua miezi kumi na mmoja. Mara nne nilirudishwa. Mara ya kwanza karani wa pale, kijana wa bara aitwaye Mwangi, aliipindua ile fomu huku na huku akaniambia, "Mzee, hii haijawahi kuombwa na mtu mweusi hapa." Nikamwambia, "Ndiyo maana bado ni safi. Nipe kalamu." Alicheka, akanipa. Mara ya pili walisema hapana barua ya kasisi, nikaileta. Mara ya tatu walisema hapana kabati lenye kufuli nyumbani. Nikalitengeneza, tena kwa mbao za mvule. Mara ya nne hawakuwa na la kusema, wakasema njoo Jumatatu, nami nilikuwa pale Jumatatu kabla mlango haujafunguliwa.

Watu wa huku walinicheka sana. Mwanasaumu, yule muuza samaki wa njia ya Nyali, kila nikipita alikuwa akiniita, "Bwana Mwalimu, uzungu umefika wapi leo?" Nami nikimjibu, "Umefika kwenye muhuri, bado sahihi." Sikuona haya hata siku moja. Babu zako waliwinda kwa uta katika misitu hii, kisha ukatolewa uamuzi kwamba uta ni uhalifu na bunduki ni ya wengine. Wengi waliendelea kuwinda kwa kujificha. Mimi sikutaka kujificha. Nilitaka kuingia kwa mlango ule ule wanaoingia wao, nikiwa na karatasi ile ile, na mtu akiniuliza nimwonyeshe.

Juu ya bunduki yenyewe, najua hukupendezwa na uchaguzi wangu. Wewe ulitoka vitani Burma ukisifu bunduki ya askari inayobeba risasi kumi. Lakini bunduki ya vita imetengenezwa kwa mtu asiyejua adui wa pili atatokea wapi. Kulungu ni mmoja, naye hana haja nawe. Fundi wa Kihindi kule kisiwani alinishauri nichukue ya marisau, akisema, "Mzee, hii hata ukifumba macho unapata." Hilo ndilo lililonifanya niikatae. Marisau hutawanyika; mnyama huondoka na chembe nne au tano mwilini akafie mahali usipopajua. Ile ndogo ya kupigia ndege imekatazwa na kanuni kwa mnyama wa ukubwa huo, na imekatazwa kwa haki, kwa sababu humtoboa tu. Na ile nene ya nyati ingetuachia ngozi na manyoya.

Basi nilichagua bunduki ya kati, ya risasi moja moja, ambayo baada ya kupiga huna budi kuifungua kwa mkono na kutia nyingine. Nilitazama ndani ya mtutu kwa kuuelekeza dirishani. Ulikuwa mweupe, hauna kutu. Kitako kilinikaa begani sawasawa. Mwenye risasi moja hutazama vizuri kabla ya kubana kidole, na huo ndio uwindaji ninaoujua mimi.

Kanuni nilizisoma zote, kurasa ishirini na mbili, mpaka nikaweza kuzisema bila kitabu. Usipige jike mwenye mtoto. Usipige karibu na nyumba wala barabara. Usitumie taa wala mtego. Ukimjeruhi mnyama usimwache, umfuate hadi umalize. Na kila unayemwua umwandike katika daftari la leseni siku ile ile: aina, mahali, tarehe, na jina la mwenye mnyama.

Hapo kwenye jina la mwenye mnyama ndipo mambo yalipoanzia.

Ijumaa moja ya mwezi uliopita, saa kumi na moja jioni, Kenga aliwakuta kulungu watatu katika kunde zake. Unazikumbuka, ziko upande wa mkono wa bahari, na zetu zinapakana nazo. Alichukua uta wa marehemu baba yake, akampiga dume mmoja mshale wa ubavu, naye akakimbilia vichakani na mshale wake. Asubuhi Kenga alikuja kwangu, uso umemshuka. Alisema, "Mwalimu, nimemwumiza wala sikumwua. Sumu yangu nayo imezeeka kama mimi. Yuko mle ndani anateseka, na uta sasa haunitoshi."

Ningefanya nini, Tsuma? Mnyama aliyejeruhiwa hawezi kuachwa. Dini inakataa, wazee wetu wanakataa, na kitabu cha serikali kinakataa. Nilichukua bunduki na leseni, tukafuata damu kwa miguu yetu mpaka saa tatu. Tulimkuta amelala, akajaribu kuinuka. Nilipiga risasi moja. Kenga akaikata nyama iliyouzunguka mshale akaitupa, tukamchinja na kumgawanya pale pale.

Wewe umezaliwa ndani ya desturi hii, sina haja ya kukufundisha. Damu ya kwanza ndiyo yenye mnyama. Hata kama mwenye damu ya pili amepiga kwa mzinga, yeye hupewa paja la nyuma na shukrani, basi. Kenga alichukua kulungu wake, mimi nikachukua paja. Nikarudi nyumbani, nikanawa, nikafungua daftari. Aina: kulungu dume. Mahali: Mishomoroni. Tarehe nikaitia. Jina la mwenye mnyama: Kenga wa Ruwa. Nikatia sahihi yangu, nikakausha wino.

Haikunijia akilini hata kidogo kwamba nimekosea. Mama yako mkubwa ndiye aliyeniambia usiku ule tulipokuwa tukila lile paja. "Umeandika nini kwenye kitabu cha Wazungu?" Nikamwambia. Akaweka tonge chini. "Yaani umemshitaki Kenga kwa mwandiko wako mzuri."  Ndipo nilipong'amua kwamba kwa hesabu za ofisi mwenye mnyama ni mwenye leseni, hawana mwingine. Kosa lile ni langu, nalikiri mbele yako kama nilivyolikiri mbele ya Kenga asubuhi ya pili. Yeye alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwalimu, miaka yote wanatuandika tusivyokuwa. Wewe umeniandika nilivyo, wanataka kunifunga."

Kafedha alitaka niung'oe ukurasa ule. Kurasa zimetiwa nambari, na hata kama zisingetiwa nisingeung'oa.

Mwisho wa mwezi nilipeleka daftari kama inavyotakiwa. Siku tatu hazikupita, askari wawili wakaja wakamchukua Kenga pamoja na uta na mishale yake, wakaniachia hati ya kuitwa ofisini. Karani Mwangi alinikuta kizingitini akanong'ona, kwa wema, naamini, "Mzee, mkubwa hana neno nawe. Sema tu mnyama alikuwa wako na yule mzee alikuibia. Utakwenda nyumbani na bunduki yako." Hayo ndiyo maneno yaliyokufikia huko, nawe ukayaona ni ya busara.

Niliingia nikiwa nimevaa kanzu na koti. Mkubwa wa pale, ambaye watu humwita Bwana Nyama, hakunipa kiti, nami sikukiomba. Aliniuliza kwa Kiswahili chake, "Wewe iko na leseni. Kwa nini nyama ya mwizi?"

Nikamjibu, "Bwana, hapana mwizi. Mnyama ni wa Kenga, kwa kuwa alimpiga kwanza. Nami nilimmaliza, kwa kuwa kitabu chako kinaniamuru kutomwacha mnyama aliyejeruhiwa. Hakikuniuliza ni nani aliyemjeruhi."

"Huyu mtu hana leseni!"

"Hana. Wala hakwenda kuwinda. Fungua ukurasa wa kumi na saba."

Hakutaka kuufungua. Nikamsomea bila kitabu kile kifungu kisemacho kwamba mkulima akimkuta mnyama ndani ya mazao yake anaweza kumfukuza au kumwua kwa chombo alichonacho. Ndipo alipokifungua mwenyewe. Alisoma mara mbili, shingo ikiwa nyekundu. Nikamwambia kwamba nyayo za kulungu ziko katika kunde za Kenga hata sasa, na kwamba niko tayari kumpeleka akazione kwa miguu, maana si mbali. Karani Mwangi alikuwa ameinamia meza yake, lakini niliona mabega yake yanacheka.

Kenga aliachiliwa siku ile ile. Mishale yake waliizuia kwa ajili ya sumu, lakini uta wa baba yake alirudishiwa mkononi, nasi tulivuka daraja la Nyali pamoja, yeye ameubeba begani mchana kweupe.

Bunduki yangu haikuvuka nasi. Bwana Nyama alisema kwamba mimi nimeitia leseni uchafu kwa kumpa mnyama mtu asiye na leseni na kuandika jina la mwingine katika daftari la serikali. Nikamwomba anionyeshe kifungu. Akasema hapana haja ya kifungu. Nikamwomba basi aandike hivyo, kwamba ameniondolea leseni bila ya kifungu. Akachukua kalamu, akaandika, "Kwa amri yangu," akatia sahihi. Karatasi hiyo ninayo. Siku ya pili niliipeleka bunduki kwenye ghala la polisi mimi mwenyewe. Sikungoja waje kuichukua. Niliisafisha kwanza, nikaupaka mtutu mafuta kwa ndani, nikadai risiti na kuisoma kabla ya kuondoka, kwa kuwa walikuwa wameandika kwamba ni kuukuu. Niliwafanya waandike tena.

Basi usinihurumie, na wala usimwendee yule mkubwa wako wa reli aniombee kwa barua, kama ulivyotaja mwisho wa barua yako. Nakukataza. Sikupewa leseni ile kwa hisani ya mtu, na sitaki inirudie kwa hisani. Umesema nimepoteza bunduki ya ukoo kwa ajili ya mzee mmoja mwenye uta mbovu. Tsuma, bunduki ile ningeilipia uongo, na kila nilipoinyanyua begani ningeinyanyua pamoja na miezi mitatu ya Kenga. Fikiri pia ungeniamkiaje mwaka huu ukija likizo, na ningekuitikiaje.

Hasira yangu juu yako imekwisha kwa kuandika haya. Nimekuandikia kwa ukali kwa kuwa wewe ndiwe utakayekaa katika kiti changu.

Dada yako Kache ametangazwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja. Mchumba wake ni yule fundi seremala wa Changamwe, mtu wa maneno machache. Harusi ni mwezi wa Desemba, basi omba ruhusa mapema na uje na viatu vya heshima. Jiko tumeliezeka upya. Uniandikie pia kama udongo wa huko unakubali mbegu za kunde zetu, maana Kafedha amekuwekea.

Mama yako Nyevu anakubariki na anasema usioge maji ya ziwa usiku. Kache anakusalimu. Kenga anakusalimu, tena kwa jina. Mambo uliyoyaandika sikumwambia. Mwanasaumu naye anauliza hali yako, na siku hizi hunitilia samaki mmoja wa ziada wala haniulizi tena uzungu umefika wapi. Wasalimie wote wa nyumba unayokaa, na mzee wa kanisa lenu. Mungu akushike mkono katika kazi yako, akupe afya, na akupe ulimi ulionyooka siku utakapoitwa mbele ya mkubwa.

Jana asubuhi nilirudi pale ofisini nikaomba fomu mpya. Mwangi alinipa na kalamu kabla sijaitaja. Iko nafasi wanapouliza kama muombaji aliwahi kunyang'anywa leseni, na kwa sababu gani. Wameacha mstari mmoja tu. Niliandika habari yote ya Kenga kwa ukamilifu, nikaendelea upande wa nyuma, nikaomba na karatasi ya pili.

Ni mimi baba yako mkubwa, akupendaye na asiyeondoka mlangoni pao,

Stefano Randu