Kijiji cha Kulinganishia

Kabati, Kitui
14 Januari 1992

Mzazi mwenzangu Mama Kang'ethe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mzee Ng'ang'a, na watoto wetu Kang'ethe na Syokau. Hamjambo huko Salama? Duka linaendaje? Huyo msichana wangu, miguu bado inavimba ama imetulia? Mwambie apunguze chumvi, na asisimame kwa kaunta siku nzima kama mtu asiye na mimba. Sisi hapa ni wazima, ikiwa njaa haihesabiwi kuwa ugonjwa.

Nimepata barua ya kikao cha kamati cha tarehe 24 pale Malili. Sitafika. Shemeji yangu amefariki na tunazika siku hiyo hiyo, na siwezi kuacha matanga ya ndugu ya marehemu mume wangu nije kumsikiliza Daktari Kivuva na chati zake. Kwa hivyo nakutuma wewe uniongelee.

Unakumbuka vile sisi watano tuliapa kwa Biblia tulipoingia Kamati ya Maadili. Kazi yetu ni moja: shirika likipima maisha ya watu lione kama msaada wake unafanya kazi, sisi tuangalie watu wasiumizwe na huko kupimwa. Tukakubali upande wenu wa Salama mpewe mabwawa na matanki, na Kwa Ndeti, kijiji changu, kisipewe kitu, kipimwe tu, ili wafadhili waone tofauti. Nilikubali shingo upande. Nilikubali kwa sababu tuliweka sharti kwa kauli moja: mvua ikikosa misimu miwili, kulinganisha kunakoma, na Kwa Ndeti wanapewa kama wengine. Sasa imekosa misimu miwili. Waambie hivyo tu, bila kuzunguka.

Watu wangu hawajui kwa nini wanapimwa. Tuliapa tusiwaambie, na sijawaambia. Lakini kina mama wa mwethya wetu, hawa tunaolimiana mashamba kwa zamu, wameanza kuniangalia kwa jicho baya. Wanaona gari la shirika likinishusha kwangu, watoto wao wanatundikwa kwa mizani, na maji hayaji. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya shamba langu. Nilipika sufuria nzima ya muthokoi nikawangoja. Hakuna hata mmoja aliyetokea.

Niokoe, Mama Kang'ethe.

Mzazi mwenzio,
Ndila


Salama
2 Februari 1992

Mpendwa mzazi mwenzangu Mama Syokau,

Pokea salamu zetu sote, na pole sana kwa msiba. Mzee Ng'ang'a anasema pole pia. Mmezika salama? Syokau hajambo, anakula vizuri, na mjukuu wetu mkubwa anaanza nasari mwaka huu. Mungu ni mwema.

Kuhusu kikao. Kilikuwa kirefu, na nilisema yale yote uliyonituma. Mchungaji Mwangangi kama mwenyekiti alinisikiza vizuri. Lakini Daktari Kivuva alieleza kitu ambacho mimi na wewe hatukuwa tumekifikiria. Alisema tukipeleka maji Kwa Ndeti sasa, hakutakuwa na kijiji cha kulinganishia, kazi yote ya nyuma itakuwa bure, na wafadhili watatoka kila mahali, hata huku kwetu ambapo msingi wa tanki la soko umeshachimbwa. Alisema tungoje upimaji wa Septemba, kisha Kwa Ndeti watakuwa wa kwanza kupewa.

Mchungaji aliomba, halafu akauliza wanaokubali wainue mkono. Mama, niliinua. Niliona ni afadhali wengine wapate kuliko tukose sote. Fikiria ungekuwa wewe, na kina mama wa huku wanakuuliza kila siku tanki litakwisha lini.

Usinikasirikie. Ni Septemba tu. Nimekutumia gunia la unga kwa basi la Kitui, litashushwa kwa duka la Mulei hapo Kabati.

Mzazi mwenzio,
Wariara


Kabati
11 Februari 1992

Mama Kang'ethe,

Salamu ninaandika kwa sababu mama yangu alinifundisha barua haianzi bila salamu. Hamjambo. Basi.

Unga wako nimeurudisha kwa basi lile lile. Utaukuta umeshonwa vile vile, hata sijaufungua. Wewe unadhani nilikutuma unga? Nilikutuma neno moja. Ungeshindwa kulisema ningeelewa, si kila mtu ana ulimi. Lakini ulilisema vizuri kabisa, halafu ukainua mkono kulikataa. Heri ungenyamaza.

Ati ni Septemba tu. Septemba ni tu kwa mtu aliye na mfereji nyuma ya duka. Hapa tunatoka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto na kurudi jua likiwa utosini, na yale maji ukiyaonja utatema. Hilo sharti lenu mlilivunja siku ile ile lilipofika. Sharti la namna gani linafanya kazi mpaka siku linapohitajika?

Nimevunja kiapo. Nakuambia mwenyewe usije ukaambiwa na Kivuva. Jumapili baada ya kanisa niliwaita kina mama wa mwethya nikawaeleza yote: kwamba vijiji vya Makueni, upande wa Salama, vinapewa, na sisi tunapimwa ili ionekane vile mtu asiyepewa anavyokauka. Niliwaambia kwamba nilijua tangu mwanzo na kwamba nilikubali. Nilidhani watanipiga, na singewalaumu.

Hawakunipiga. Mama Kiilu, yule mwembamba uliyemwona kwa harusi ya watoto, akauliza, "Kwa hivyo sisi ndio wa kukosa?"

Nikamwambia ndiyo. Akasimama akakung'uta leso yake. Kesho yake asubuhi alikuwa kwa bonde chini ya shule na jembe, anachimba. Wa pili kufika nilikuwa mimi. Sasa tuko wengi na tunachimba silanga yetu, bwawa la mikono yetu, na hatuna mfadhili wa kutuuliza maswali.

Usiniandikie.

Mzazi mwenzio, kwa ajili ya watoto tu,
Ndila


Salama
20 Juni 1992

Mpendwa Mama Syokau,

Salamu sana. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima wa afya. Nilikuandikia Machi nikakuandikia tena Aprili, na hukujibu. Syokau alijifungua salama, msichana. Kwa desturi yetu binti wa pili ni wa upande wa mama, kwa hivyo tumemwita Ndila. Ana sauti kubwa na hasira, mzee Ng'ang'a anacheka anasema jina limepata mwenyewe. Mama, kila gari likisimama hapa Syokau anatoka kuangalia kama ni wewe.

Sasa nina jambo ambalo nimetumwa na kamati, na naomba ulisome mpaka mwisho kabla hujalitupa.

Wapimaji walikuja kwenu mwanzo wa mwezi huu. Wanasema walikuta silanga ina maji, sukuma wiki imepandwa kando yake, na watoto wameongeza uzito karibu sawa na wa huku kwetu. Mimi nilifurahi, Mungu ni shahidi. Lakini Daktari Kivuva aligonga meza. Anasema kijiji cha kulinganishia kimeharibika, na tofauti haionekani tena. Kamati imekaa, na imeonelea kina mama wa Kwa Ndeti waombwe kwa heshima wasiyatumie maji ya silanga mpaka upimaji wa Septemba uishe. Si kuyamwaga. Yaachwe tu, na watu warudi kwa mto kama zamani. Baada ya hapo mtaendelea.

Nilichaguliwa niandike kwa sababu sisi ni familia. Hata mimi naona ni jambo gumu. Lakini huku tanki limefika nusu na fundi amesimamishwa akingoja matokeo. Kina mama wa Salama wamenisimamia mlangoni. Nisaidie na mimi.

Mzazi mwenzio,
Wariara


Kabati
28 Juni 1992

Mama Kang'ethe,

Hamjambo. Nimefurahi Syokau amepona. Mtoto Mungu amkuze.

Nimesoma barua yako mpaka mwisho vile uliomba. Kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya mwethya wote, hapo hapo ukingoni, kwa sababu ni wao mliwaandikia. Nilipofika pale pa kuacha maji wakadhani nimekosea kusoma. Fundi wetu wa baiskeli akaichukua akasoma mwenyewe. Ni yale yale.

Wacha nikueleze hayo maji ni nini. Chini ya udongo tulikuta mwamba. Tuliuwashia moto tukaumwagia maji yale machache ya kunywa ili upasuke. Udongo tuliutoa kwa karai, na karai zilipotoboka tukautoa kwa ngozi ya ng'ombe ikivutwa na punda. Mama Kiilu alichimba mimba ikiwa imemshika mpaka ikatoka, akazika, akarudi. Hiyo haiko kwa mizani yenu. Mvua ya Aprili ilinyesha kidogo tu, na hiyo kidogo yote ikaingia kwa silanga. Tulisimama ndani na nguo zetu, wazee kwa vijana, tukalia kama watoto.

Sasa mnataka tumwambie nani asinywe? Mtoto? Ng'ombe? Mnataka nisimame hapo na fimbo nifukuze watu wangu warudi kwa mto, ili Kivuva apate tofauti yake? Mnataka watoto wapungue kwanza ndio kazi yenu iwe safi? Kamati ya Maadili. Hebu litamke hilo jina pole pole, Wariara, mbele ya kioo, uone uso wako unakaa aje.

Jibu ni hapana. Mwambie Kivuva hapana, mwambie Mchungaji hapana, na uwaambie watoe jina langu kwa hiyo kamati. Wapimaji wakirudi, kina mama wamesema mizani italala kwa gari. Mtoto wa Kwa Ndeti hatundikwi tena.

Na unasema ulichaguliwa kwa sababu sisi ni familia. Hapo ndipo uliponimaliza. Mtu wa nje angenitumia ujumbe kama huu ningemcheka. Wewe umelala kwangu, umekula kwangu, nimekupa binti yangu. Sitakuja kumwona mtoto. Nikija Salama sasa hivi tutatukanana mbele ya wateja wako, na Syokau hastahili hayo.

Ndila


Salama
17 Septemba 1992

Mama Syokau,

Salamu. Watoto ni wazima. Mimi si mzima sana, presha imepanda, lakini ninasimama.

Mradi umefungwa. Ripoti ilisomwa Malili juzi, kwa vipimo vya Juni, kwa kuwa mlikataa kupimwa tena. Imeandikwa kwamba kati ya vijiji vilivyopewa na kijiji kisichopewa hakukuonekana tofauti ya maana, na kwa hivyo fedha za wafadhili hazionekani kusaidia. Ndivyo ilivyoandikwa. Lile tanki la soko limebaki kuta bila paa, mbuzi wanalala ndani. Kina mama wa hapa hawanunui tena kwangu. Wanapita mlangoni wakiongea kwa nguvu ili nisikie.

Nilienda kikaoni nikiwa na hasira na wewe, sitakuficha. Njia nzima nilikuwa nasema, huyu Ndila na jembe lake ametuua. Kisha ripoti ikasomwa ukurasa kwa ukurasa, nikingoja wafike pale wataeleza Kwa Ndeti walipata maji wapi. Hawakufika. Ikafungwa. Nikainua mkono nikauliza ni wapi imeandikwa kwamba wale watu walichimba wenyewe.

Kivuva akasema, "Mama, hilo halina nafasi kwenye ripoti."

Nilimwambia arudie, akarudia. Nikamgeukia Mchungaji, akaangalia Biblia yake. Mama, watu wamepasua mwamba kwa moto, na mtu aliyelipwa kuangalia anasema hakuna nafasi. Nilimwambia hivi: ikiwa nusu ya tanki letu ina nafasi na silanga yao nzima haina, basi hukuwa unapima watu, ulikuwa unajipima wewe. Nikachukua mkoba wangu nikatoka, na sirudi. Nasikia wamesema nilishikwa na presha.

Jana kina mama wawili wa hapa walikuja dukani, si kununua. Waliuliza wale wa Kitui walianzaje. Nimeishi kati yenu Wakamba tangu niolewe, na kila mwethya ukiitwa hapa Salama natuma kilo mbili za sukari nibaki kwa kaunta. Sijui hata mtu anasimama wapi.

Nataka kuja kuona. Kina mama hao wawili watakuja na mimi. Ukikataa nitaelewa.

Mzazi mwenzio,
Wariara


Kabati
23 Septemba 1992

Mama Kang'ethe,

Nakusalimu, pamoja na mzee na watoto. Pole kwa presha. Kunywa dawa kama ulivyoandikiwa, si unapojisikia.

Nimewasomea kina mama barua yako. Mama Kiilu alisema uje. Ni yeye, si mimi.

Kuja Alhamisi ya wiki ijayo. Tunatoa matope kwa silanga kabla mvua ya Oktoba haijaanza, na tunaanza jua likichomoza, kwa hivyo laleni kwa Mulei Jumatano usiku, nimeshamwambia. Kila mmoja wenu aje na jembe lake, lenye mpini imara, hapa hatuazimani. Vaa viatu ambavyo hutavililia. Sukari usilete. Mtoto mwache kwa mamake, usije ukanilainisha naye.

Watu hapa wanakujua wewe ni nani na mkono wako uliinuka lini. Kuna ambao hawatakusalimia, na mimi ni mmoja wao. Nimekuwekea nafasi kando yangu, pale chini kabisa ambapo matope ni mazito. Utachimba hapo mpaka jioni, tukinyamaza. Jioni nitaona kama nina neno la kukuambia.

Mzazi mwenzio,
Ndila