Nimemfuta Msimamizi Wako, Papa

Papa Bahati,

Nimefuta kazi yako. Naanza na hilo kwa sababu sipendi ulisikie kwa mwingine.

Ile kompyuta ya kituo cha afya cha Majengo, tuliyoitengenezea mfumo wake hapa karakana ya Ndosho, iliendelea kupoteza maandishi umeme ulipokatika. Muuguzi anaandika jina la mtoto aliyezaliwa, mashine inalishika kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, na waandishi wadogo wa nyuma, yaani programu ndogo zisizoonekana, wanatakiwa kulipeleka kwenye diski. Lakini wewe uliwawekea msimamizi, programu nyingine juu yao. Yeye ndiye aliyewaamsha, akawaua walipokosa kazi, akawazaa upya kazi ilipokuja. Umeme ulikatika yeye bado anazunguka akiuliza nani yupo, na majina hayajaandikwa. Mwezi uliopita, nikiwa pale kituoni, mama mmoja alileta mtoto kwa chanjo, jina halimo. Akaniuliza, "Basi mutoto wangu hakuzaliwaka?"

Ulipokuwa hai, ukinifundisha kazi hii, nilikuambia msimamizi yule hana faida. Ukanicheka: "Mutumishi bila mukubwa analala, Furaha." Nilinuna siku mbili, unanijua.

Wiki hii nimemtoa. Sasa kila diski ina mwandishi wake mmoja. Hauawi, hazaliwi upya, hangoji kuitwa. Jina likiingia anaamka mwenyewe, anaandika, anapumzika. Nimechomoa waya makusudi mara nyingi, na majina yamebaki. Ungeona jinsi ilivyo nyepesi ungekasirika kidogo, halafu ungeomba chai.

Nikaenda kumwambia mke wako, nikidhani atafurahi. Badala yake akanieleza mlivyokimbia vita Masisi kwa miguu, na jinsi ulivyosimama kila kilima ukiwaita watoto kwa majina. "Bote beko?" uliuliza kila mara, kama wote wapo. Hata mlipofika Kanyaruchinya, ndani ya kambi ya wakimbizi, hukuacha. "Muzee alituhesabu mpaka tukachoka," akasema, akacheka huku anajifuta macho.

Sikujua, Papa. Miaka yote nilidhani msimamizi yule ni ubishi wa uzee tu. Nililia pale pale mbele yake, kwa huzuni, na kwa aibu pia, maana nilikuwa nimekusimanga kwa wateja.

Lakini sikumrudisha msimamizi wako. Watoto wa Majengo wanahitaji majina yao kuliko mimi ninavyohitaji kukuridhisha. Nimeliacha jina lako juu ya faili, ingawa chini yake haujabaki hata mstari mmoja wa mkono wako. Mke wako ameniambia inatosha. Mimi bado sijui.

Pumzika, muzee wangu. Nakuahidi kwamba siku mwanafunzi wangu atakapotaka kufuta kazi yangu, nitampisha. Ila nitamwambia kwanza niliogopa nini nilipoiandika. Wewe hukusema, na mimi sikuuliza.

Furaha