Niliyomwambia Mama Kuhusu Seli za Ngozi

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Hapa Mtama mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haijaamua. Nimekaa barazani na simu mkononi, nasubiri kuumia. Hakuna kinachokuja. Kifua kimekaa tu, kama si changu.

Basi niandike kilichotokea.

Mama yangu ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikufa kabla hatujajua ugonjwa wenyewe unaitwaje. La kushoto tumekuwa tukilitunza kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, miaka mingi sasa. Wiki iliyopita alimimina chai pembeni ya kikombe, na akaendelea kumimina. Leo nikaomba ruhusa shuleni, nikampeleka kliniki ya macho Lindi.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole. Alimpima, akampima tena, kisha akasema mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umeharibika. Kilichobaki ni mwanga kidogo upande mmoja. Akauliza kama matone yalikuwa yanatumika.

Mama hakujibu hilo. Alisema, "Daktari, mwanangu huyu ni mwalimu wa Biolojia. Aliniambia seli za ngozi zinaweza kurudishwa uchanga, zikafanywa upya kuwa chochote. Mimi ngozi ninayo. Chukueni hapa mkononi."

Akakunja mkono wa gauni, akaunyoosha mkono juu ya meza.

Daktari alinitazama. Mimi nilitazama mkono wa mama.

Ni kweli nilimwambia. Mwaka jana, tukiwa tunabangua korosho uani, nilikuwa najiandaa kufundisha. Nikamweleza kwamba wanasayansi wanaweza kuchukua seli ya mtu mzima, ya ngozi au ya damu, wakaiamsha kwa vinasaba vichache, ikasahau kazi yake na kurudi kama zile seli za siku za mwanzo tumboni. Kutoka hapo wanaweza kuielekeza iwe ya moyo, ya neva, ya jicho. Mama aliacha kubangua. "Ngozi inasahau kuwa ngozi?" Nikasema ndiyo. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, hata siku ya mahafali.

Nikaishia hapo. Sikumwambia kwamba mengi bado yako maabara, kwamba seli kama hizo zikikosewa zinaweza kuota uvimbe, kwamba mshipa wa jicho uliokufa hakuna aliyeweza kuufufua. Niliyajua yote. Nilikuwa nafurahia kutazamwa.

Miezi michache baadaye, kwenye arobaini ya jirani, mama mmoja alikuwa anauza unga kwenye pakti. Alisema ni unga wa seli shina, yaani zile seli changa, unarudisha viungo ujanani. Mama hakuja kuniuliza kama ni kweli. Kwake nilikuwa nimeshajibu. Akaanza kuunywa kwa maji ya uvuguvugu, na matone akayaacha kwa sababu yanawasha.

Na mimi nilijua. Mwezi wa pili nilikuta chupa mbili kabatini hazijafunguliwa. Nikasema, "Mama, usiache dawa," nikarudi kusahihisha mitihani.

Hayo tu ndiyo niliyofanya.

Daktari alimshika mama ule mkono alioutoa. Akasema, "Mama, mwalimu hakukudanganya. Jambo hilo lipo. Lakini kwa jicho lako, leo, sina la kukupa zaidi ya matone, yatunze mwanga uliobaki." Mama akasema, "Haya, mwanangu. Ahsante." Akashusha mkono wa gauni.

Tulirudi kwa gari la mwalimu mwenzangu. Tulipofika nyumbani nilimkalisha mkekani, nikamwambia yote niliyoyaacha siku ile. Nikamwomba radhi. Sauti yangu ilitoka kama naita majina darasani.

Akasema, "Zainabu, nipeleke kwa Somoe."

Bi Somoe ni rafiki yake tangu wakiwa wasichana, anakaa nyuma ya soko. Naye ana presha ya macho.

"Sasa hivi, mama? Umechoka."

"Ule unga nilimpelekea mimi. Nilimwambia mwanangu mwalimu amethibitisha."

Tulikwenda. Nilimshika mkono, akawa anahesabu mashimo kwa miguu. Bi Somoe alikuwa anachambua mchele mlangoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwalimu. Mbona mwenzangu unamshika hivyo?"

Mama alimjibu mwenyewe, amesimama. "Somoe, mimi sikuoni. Nasikia sauti tu. Ule unga haukusaidia kitu, na matone niliyaacha. Wewe unatumia matone?"

Bi Somoe aliweka ungo chini. "Niliacha ulipoacha."

"Unaniona?"

"Nakuona. Umevaa kanga ya njano."

Mama akaanza kulia. Sijamsikia akilia tangu baba afariki. Bi Somoe alisimama, akaingia ndani, akatoka na chupa ya matone ambayo haijafunguliwa. Nikasoma tarehe, dawa bado nzima. Akalaza kichwa nyuma, nikamdondoshea tone moja kila jicho, nikamwambia afumbe. Mama alikuwa amemshika bega muda wote. Asubuhi naomba ruhusa nyingine, nimpeleke naye Lindi akapimwe.

Sasa wamekaa wote wawili uani kwetu, wanaongea Kimwera kwa sauti ya chini. Najua nitakapotakiwa kulia, kilio kitakuja siku yake.

Ijumaa kipindi cha kwanza ni Kidato cha Nne. Nitawafundisha jinsi seli inavyorudi uchanga, maana ni kweli na wanastahili kuijua. Ila safari hii sitaacha kuongea pale nyuso zao zitakapoanza kung'aa. Nitaendelea mpaka mwisho.