Bawa Fupi la Kushoto

6 Februari

Kwako Kaka,

Habari za huko na za kazi? Huku hatujambo sote, mimi, shemeji yako na mpwa wako Kengele. Jina hilo ulimpa wewe kwa jinsi alivyolia siku ile ya kwanza, na mpaka leo hajalivua. Natumai kile kikohozi cha vumbi la chuma kimekuachia. Kunywa maji, uache ubishi.

Usishtuke, sikuandikii kwa shida. Nakuandikia kwa ajili ya kabati la marehemu mama. Tumelihamishia chumbani kwetu, na Kengele alipofungua mlango wake wa kushoto akakuta mchoro kwa ndani. Unaukumbuka? Nilikuwa na homa ile ndefu, nimelazwa chini karibu na kabati, wewe ukaniletea kipande cha mkaa kutoka jikoni ili ninyamaze. Nikachora upanga wa Malkia wa Mawingu, ncha mbili kama mkia wa mbayuwayu, na juu ya mpini mabawa mawili. Bawa la kulia nililitandaza kwa raha zangu. Kufika la kushoto, mlango ukaisha. Likawa fupi. Ukacheka, nikalia, halafu ukanibembeleza mwenyewe ukasema: "Usilie, Kijiti. Upanga wenye bawa fupi ukirushwa unapinda kushoto. Adui ataukwepa vipi?"

Basi Kengele nimemsimulia yote. Unajua mkono wake wa kushoto haukurefuka kama mwenzake. Alikuwa anauficha ndani ya gauni mbele ya wageni. Siku hizi anauinua juu, anasema na wenyewe unapinda.

Mwaka huu ameanza shule. Wana siku ya kuleta kitu cha nyumbani na kukisimulia mbele ya darasa. Kaka, mtengenezee upanga ule. Uwe mdogo, butu, wa vyuma vinavyobaki. Fundi chuma wa ukoo mzima ni wewe, nimwombe nani mwingine?

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti

27 Februari

Kijiti wangu,

Nimefurahi kusikia hamjambo. Mimi mzima, kikohozi kimebaki kidogo cha kunikumbusha kwamba nina kazi. Nilipofika pale pa mkaa nilicheka peke yangu mpaka bosi akauliza nimeona nini.

Nimehama karakana. Sasa nipo kwa watu wanaotengeneza silaha za bandia za sinema. Panga, mikuki, kofia za vita, vyote butu na vyote vinang'aa kuliko vya kweli. Kutwa nasaga vipande vya springi za lori, nikipenga kamasi inatoka nyeusi. Kwa hiyo umeniomba mahali penyewe. Upanga wa Kengele nitautengeneza, hiyo ni ahadi ya mjomba na haina kona.

Ila mchoro siukumbuki sawasawa. Ufuatishe kwenye karatasi kwa ukubwa uleule, umpe yule dereva wa lori la mbao anayekuja huku. Usiache hata mstari mmoja.

Msalimie shemeji, mwambie apunguze kununa.

Kaka yako

15 Machi

Kwako Kaka,

Salamu zako zimefika, na shemeji yako ameninunia mimi kwa ajili yako. Sote wazima.

Karatasi kubwa sikupata, nimepasua mfuko wa saruji, nikaukung'uta, nikaupiga pasi kazini kwa dobi wateja wasipokuwepo. Umenyooka vizuri. Nimeubandika juu ya mchoro na kufuatisha kwa penseli, Kengele akishika chini kwa kidevu na mkono. Lile doa karibu na ncha ni mate yake, usilitengeneze.

Pembeni mwa bawa la kushoto nimeandika "hapa mlango uliisha". Ni ili usije ukadhani karatasi imekatika njiani.

Kengele anauliza kila lori linalopita kama ndilo.

Mdogo wako,
Kijiti

2 Aprili

Kijiti,

Habari za nyumbani? Karatasi imefika salama, na mate yamefika. Nimeitandaza kwenye meza ya kazi na kila anayepita anasimama. Sikujua tulikuwa na kitu kizuri hivi.

Kabla sijawasha tanuri nataka niujue vizuri. Malkia mwenyewe alikuwa nani? Aliishi wapi? Alipigana na nani, na kwa nini? Alisema nini kabla ya kuurusha? Niandikie yote, hata yale unayoona ni ya kitoto. Hayo hasa ndiyo nayataka. Fanya haraka kidogo.

Kaka yako

14 Aprili

Kwako Kaka mpenzi,

Hujambo? Sisi wazima, na mimi nina furaha ambayo siwezi kuificha. Tangu niache shule hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali mengi hivyo, akataka na majibu.

Malkia aliishi kwenye lile doa la maji kwenye dari juu ya kichwa changu. Ukilitazama kwa homa lina ngazi na madirisha. Adui yake ni Mfalme Vumbi, anayekunywa mito kwa mrija ili watu wapige magoti kwake kuomba maji. Mawingu aliyafunga kama magunia. Malkia akirusha upanga unayapasua magunia hayo, mvua inamwagika. Mfalme Vumbi anajua kukwepa kila kitu kinachokuja kimenyooka, ndiyo maana anashindwa na huu tu. Kabla ya kuurusha, Malkia anaunong'oneza: "Pinda, mwanangu."

Hayo ndiyo maneno ninayomwambia Kengele nikimfunga vifungo asubuhi. Naye anapinda kweli, anakimbilia uani.

Nimeandika mpaka kidole kimeingia shimo. Ukichoka kusoma, nenda kasage chuma.

Mdogo wako,
Kijiti

20 Juni

Kwako Kaka,

Habari za siku nyingi? Hapa hatujambo, wasiwasi ni juu yako. Dereva anasema alikuona kwa mbali na karakana imejaa watu, mpaka magari yanalala nje. Nimeshukuru angalau ni kazi na si maradhi.

Siku ya Kengele ya kusimulia ilifika, upanga haujafika. Nilitaka abaki nyumbani. Akakataa, akaenda mikono mitupu, akasimama mbele ya darasa na kusema upanga uko kwa mjomba wake, una bawa fupi, na unapinda hivi. Akawaonyesha kwa mkono wake. Mwalimu ananiambia walipiga makofi. Sasa wanamwita Malkia, na wanagombania kuwa upande wake kwenye michezo.

Kwa hiyo usiharakishe ukaharibu. Tutangoja. Niandikie mistari miwili tu nijue u mzima.

Mdogo wako,
Kijiti

9 Septemba

Kaka,

Natumai u mzima. Nimeona mwenyewe kuwa u mzima.

Jana nilikwenda kwa fundi simu kuchukua simu ya shemeji yako. Alikuwa amewasha tangazo la sinema mpya, watu wamejazana mlangoni. Nikasikia "Pinda, mwanangu." Nikadhani masikio yananidanganya. Nikasukuma watu. Nikamwona Malkia wa Mawingu, na Mfalme Vumbi na mrija wake, na upanga wangu ukiwa na mabawa mawili sawasawa, umenyooka kama rula. Unaambiwa pinda na unakwenda moja kwa moja. Hakuna hata mmoja pale aliyeshangaa.

Tangazo likaisha, ukaja wewe kwenye mahojiano, umevaa shati jeupe. Wakakuuliza umeutoa wapi. Ukasema: "Nilikuwa mtoto mgonjwa, nimelala chini na homa. Nikachora kwa mkaa kwenye mlango wa kabati la mama."

Kaka, homa ile ilikuwa yangu.

Fundi simu akaniuliza kama namjua yule bwana. Nikamwuliza simu iko tayari au haiko tayari.

Ningeweza kulia nikanyamaza, unanijua. Lakini leo Kengele amerudi na mkono ndani ya gauni. Watoto wameona tangazo. Wamemwambia mabawa ya upanga ni sawa, wameyaona kwa macho yao, na kama mjomba wake ndiye aliyeutengeneza basi mjomba ndiye anayejua. Wamemwita muongo. Na aliyemfanya aonekane muongo ni ndugu yangu.

Sitaki jina langu kwenye sinema. Sitaki chochote chao. Mwandikie mwalimu wake barua, kwa mkono wako, useme upanga wa kwanza ulikuwa na bawa fupi. Sentensi moja. Mimi unaweza kuniacha nje.

Mdogo wako

30 Septemba

Kijiti,

Nakusalimu sana, na shemeji, na mtoto. Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Sikupanga. Bosi alisimama juu ya karatasi yako akauliza hii ni ya nani. Nikasema yetu. Akauliza yetu na nani? Nikaona maelezo yatakuwa marefu na watu wanangoja, nikasema yangu. Neno likatoka, kesho yake likawa na saini chini yake. Maswali niliyokuandikia walinipa watu wa sinema. Nilijiambia nitakueleza mambo yakishatulia, nayo yakazidi kukua.

Kuhusu homa, walitaka kisa. Na mimi nilikuwapo, Kijiti, usinifute kabisa. Mkaa niliuleta mimi.

Bawa nililirefusha kwa sababu mpiga picha alisema linaonekana kama fundi amekosea. Sikutaka watu waseme nimekosea.

Barua kwa mwalimu siwezi. Nimetia saini kwamba kila mstari ni wangu, nikiandika kinyume chake sina kazi tena. Mwambie mtoto kwamba mafundi wameuboresha. Mabawa sawa ni mazuri zaidi, atakua atasahau.

Ahadi nimetimiza. Upanga wake huu hapa, dereva anao kwenye boksi. Nimeusugua kwa msasa mimi mwenyewe mpaka unajiona uso. Tusiharibiane kwa ajili ya mchezo wa utotoni.

Kaka yako daima

18 Oktoba

Kaka,

Salamu. Sisi wazima.

Upanga umefika. Sitakudhulumu, ni kazi nzuri. Shemeji yako ambaye hasifu kitu aliugeuza mara nyingi akasema mkono wa yule bwana hauna mpinzani. Kengele aliulaza kitandani, akalala juu yake kifudifudi, akaweka mikono yake juu ya mabawa. Wa kulia ukafika. Wa kushoto ukaishia njiani, bawa likaendelea peke yake. Akakaa akautazama. Akaniuliza, "Mama, huu mjomba alimtengenezea nani?"

Akaurudisha kwenye boksi, akaufunika na karatasi zake vizuri kama alivyoukuta.

Asubuhi shemeji yako akafungua skrubu za kabati. Tukaubeba mlango mpaka shuleni, yeye mbele, mimi nyuma, Kengele pembeni akiwaonya watu wapishe. Mwalimu akauegemeza ukutani chini ya ubao. Watoto wakaja. Yule aliyeanza maneno ya muongo akapitisha kidole juu ya bawa la kushoto, taratibu, kidole kikaenda mpaka kikachungulia nje ya ukingo wa mlango kikakosa mahali pa kushika. Akauliza kilitokea nini hapa. Kengele akamwambia, "Hapa mlango uliisha." Akautoa mkono wake ndani ya gauni.

Nisikudanganye, hawakupiga makofi. Mmoja alisema ule wa kwenye sinema unapendeza zaidi. Kengele akamjibu basi ahamie huko. Lakini mapumziko yalipofika walicheza, na niliwaona kupitia dirishani wote wakikimbia na kupinda kushoto.

Umesema nisikufute, ulikuwapo. Ni kweli. Doa la dari ni langu, Mfalme Vumbi ni wangu, mistari yote ni yangu. Lakini nililia kwa ajili ya lile bawa fupi, na aliyesema litapinda ni wewe. Mimi nisingelipata hilo hata homa ingenipanda mara mbili. Katika upanga wote ule hicho ndicho kilikuwa chako, nami nimekilea miaka yote hii nikimpa mwanangu kila asubuhi. Ulipopata nafasi ya kuchukua, ukachukua vya kwangu vyote, chako ukakirefusha.

Sijui nikusamehe lipi kwanza.

Dereva anakurudishia boksi. Nilitaka nimpelekee fundi wa madirisha hapa mtaani alikate bawa, ni kazi ya dakika kwake. Kengele akakataa. Akasema, "Mwambie mjomba akate mwenyewe." Akachukua mkaa jikoni, akaweka alama mahali pa kukata. Usiifute kwa kitambaa.

Kabati halina mlango sasa, nguo zetu zote ziko nje kama sokoni. Nimetundika shuka. Mwalimu ameomba mlango ubaki darasani, nimemkubalia.

Ukishakata, andika. Usipokata, usiandike.

Mama Kengele