Fimbo za Njeru Uwanjani Meru

Mpenzi dada Wanja,

Meru kuna ukungu, na chai yao ina tangawizi mpaka koo linawaka. Leo nimecheza gofu kwa fimbo za marehemu mume wangu Njeru. Nilikuwa peke yangu. Mpira ukapotelea nyasini, na nyuma yangu wanaume wanne wakasimama kunisubiri. Nikaona aibu, nikataka kufunga mfuko nirudi Embu. Ndipo nikakumbuka Njeru alivyokuwa akiniambia, "Mama Ireri, wapishe tu. Hawakufukuzi, wana haraka yao."

Nikasogea kando, nikainua kofia juu kama yeye, nikawapungia wapite. Kila mmoja alisema asante. Wa mwisho, mzee wa kitambi, akauona mpira wangu chini ya kichaka.

"Huu hapa, mama! Sasa utufuate pole pole, lakini usitupige kichwani!"

Nilicheka kwa sauti, Wanja, mara ya kwanza tangu tumzike. Kisha nikacheza mpaka shimo la mwisho.

Jikinge na hiyo baridi ya huko, na uwabusu watoto. Yule mtu uliyenitafutia azinunue fimbo za Njeru, mwambie haziuzwi tena, bado nazitumia.

Dada yako akupendaye,
Mama Ireri